Mahdi wa Sudani na Kadhi Aliyekufa Gerezani



Jina la Mahdi wa Sudani si geni katika nyumba zetu za pwani. Wazee walilitaja kwa fahari, na walikuwa na haki yao. Katika zama ambazo Waislamu wa Afrika walikuwa wakipokonywa nchi zao moja baada ya moja, mtu mmoja, mtoto wa waunda vyombo wa mto Nile, alisimama na wafuasi wenye fimbo na mikuki akaivunja serikali yenye mizinga na meli za moshi, na dola aliyoiasisi ikadumu hata mwaka 1898. Hayo ni kweli, wala sitayapunguza hata chembe. Lakini fahari ni kitu kimoja na elimu ni kitu kingine. Nataka tukae kitako tutazame jambo ambalo wasimulizi wa vita hulipita mbio: itikadi iliyotawala katika dola ile ilikuwa itikadi gani, na iliwafanya nini watu waliokuwa chini yake, hasa maulamaa wake.

Muhammad Ahmad bin Abdallah alizaliwa mwaka 1844 katika jimbo la Dongola, kaskazini ya Sudani, katika nyumba iliyojinasibisha na ukoo wa Mtume (S.A.W.). Ndugu zake walishika tezo na msumeno kama baba yao; yeye alishika ubao wa chuoni. Alisoma Qur'ani, akasoma fikihi ya Imam Malik, kisha mwaka 1861 akaingia tarika ya Sammaniyya. Inasimuliwa ya kwamba alipokuwa mwanafunzi alikataa kula chakula cha mwalimu wake, kwa kuwa mwalimu yule alipokea posho ya serikali, na chumo la serikali ile aliliona ni la dhulma. Mwaka 1870 alikaa kisiwa cha Aba, katika Nile Nyeupe, akiabudu na kufundisha. Hata shekhe wake wa tarika alimkosoa kwa sherehe zilizofanywa katika tohara ya watoto wake, wakafarikiana, naye akaenda kwa shekhe mwingine wa tarika ile ile. Shekhe huyu wa pili alipofariki, Muhammad Ahmad akawa katika waliomjengea kuba juu ya kaburi lake. Hapo ndipo alipomjia mtu wa kabila la Taaisha kutoka magharibi, jina lake Abdullahi. Mshike mtu huyu katika kumbukumbu yako, ndugu msomaji, kwani tutamrudia.

Dhulma aliyoichukia haikuwa ya kubuni. Tangu mwaka 1820 majeshi ya Muhammad Ali Pasha wa Misri yaliingia Sudani kutafuta dhahabu na watumwa, na waliofuata baada yake wakaitawala nchi kwa kodi iliyokusanywa kwa kiboko cha ngozi. Mkulima alilipia gurudumu lake la kunyweshea shamba, akalipa tena kwa askari aliyekuja kulipia. Raia waliwaita watawala wale Waturuki, japo ndani yao walikuwamo Wamisri, Wacherkesi, na mwishowe Wazungu kama Gordon, aliyefanywa gavana mkuu mwaka 1877. Tuseme ukweli wote: si kila aliyemfuata Mahdi alimfuata kwa ajili ya dini. Walikuwamo matajiri wa watumwa ambao Gordon aliwafungia biashara yao, nao walikuwa na hasira isiyohusiana na Sala wala Zaka. Mapinduzi hukusanya watu wa kila nia, na baadaye wote huandikwa kuwa ni wacha Mungu.

Basi tarehe 29 Juni 1881, sawa na mwanzo wa Shaabani 1298, Muhammad Ahmad alitangaza waziwazi kwamba yeye ndiye Mahdi anayengojewa. Mwezi wa Agosti serikali ikapeleka vikosi viwili kumkamata pale Aba, vikashindwa. Akahama na watu wake kwenda milima ya Nuba, na kuhama kule akakuita Hijra, na wafuasi wake akawaita Ansari. Januari 1883 mji wa El Obeid ulianguka. Novemba mwaka ule jeshi la watu wapatao 10,000 chini ya Mwingereza Hicks liliangamizwa huko Shaykan, hawakusalimika ila wachache. Tarehe 26 Januari 1885 Khartoum ikatekwa na Gordon akauawa.

Vita viishie hapo kwa sasa. Tuje kwenye itikadi.

Sote tunajua kuwa hadithi za Mahdi zimepokewa, na maulamaa wa Sunna wamezizungumza. Sitaki msomaji afikiri kwamba nazikanusha. Neno lenye uzito ni jingine. Muhammad Ahmad alisema kwamba Mtume (S.A.W.) alimjia naye yu macho, wala si usingizini, katika kikao cha kiroho alichokiita hadhra, wakahudhuria Makhalifa waongofu, mawalii na Nabii Khidhri, na kwamba Mtume alimkalisha juu ya kiti chake, akamvika upanga, na akamwambia zaidi ya mara moja kwamba mwenye kuutilia shaka Umahdi wake amekufuru. Itazame vizuri kauli hii ya mwisho. Hakusema kwamba mwenye kumpiga vita ndiye aliyekufuru. Alisema mwenye kutia shaka. Mtu aliyekaa kwake Berber au Kassala, anasali, anafunga, anatoa Zaka, akinong'ona tu kwamba huenda huyu si Mahdi, huyo ametoka katika Uislamu, na damu yake na mali yake ni halali. Kwa neno moja, nguzo za imani zikaongezewa nguzo, na nguzo hiyo ilikuwa mtu.

Maulamaa wa Khartoum walimjibu. Mufti Shakir al-Ghazi aliandika, na Shekhe al-Amin al-Darir, kipofu wa macho aliyekuwa mkubwa wa wanazuoni wa upande ule, naye aliandika. Walieleza alama zilizopokewa katika hadithi, kwamba Mahdi hutokea Makka, na kwamba hupewa baia hali ya kulazimishwa, na mengine, wakasema mtu huyu hana. Yeye akawaita maulamaa wabaya, wala mkate wa Waturuki. Na hapa pana jambo la kuhuzunisha: katika hilo la mkate hakusema uwongo. Walikuwa wakilipwa na serikali ile ile iliyowachapa raia, na walinyamaza kiboko kilipopita. Aliyenyamaza juu ya dhulma jana, leo akisimama kutoa hoja iliyo sahihi, nani atamsikiliza? Hoja yao ilikuwa na nguvu, ila vinywa vyao vilikuwa vimekwisha kupoteza heshima.

Yuko mmoja ambaye hakulipwa na Mturuki wala na Mwingereza. Mahdi aliweka makhalifa mfano wa Makhalifa wanne: Abdullahi yule wa Taaisha akapewa nafasi ya Sayyidna Abubakar, Ali wad Hilu nafasi ya Sayyidna Umar, na Muhammad Sharif, jamaa yake Mahdi mwenyewe, nafasi ya Sayyidna Ali. Nafasi ya Sayyidna Uthman alimpelekea barua Sayyid Muhammad al-Mahdi al-Sanusi, mkuu wa tarika ya Sanusiyya huko jangwa la Libya, mtu mwenye zawiya nyingi na wafuasi wengi. Sanusi alikataa. Hakushika silaha kupigana naye wala hakuwasaidia maadui zake. Alikikataa kiti tu, na kiti kile kikabaki kitupu mpaka dola ikaisha.

Katika dola mpya amri zilitoka kwa barua, na nyingi kati ya amri hizo sisi waalimu tungezipigia makofi. Ulevi ulikatazwa. Tumbaku ilikatazwa kwa ukali usiopungua ule wa ulevi. Kulia kwa mayowe matangani, hirizi, ngoma na zumari za arusini, vyote vilikatazwa. Jubba lenye viraka likawa vazi la tajiri na maskini. Na mahari yakapunguzwa: riale 10 kwa mwanamwali, riale 5 kwa mjane. Mzazi mwenye vijana watano wasioweza kuoa atasema, Alhamdulillahi, na lije kwetu!

Lakini hebu tusimame hapa kwenye mahari, maana mfano wake tunao. Kisa ni mashuhuri: Sayyidna Umar (R.A.) alipanda mimbari akataka kuweka mpaka wa mahari, akasimama mwanamke mmoja miongoni mwa watu akamkumbusha aya katika Sura ya Wanawake iliyotaja rundo la mali alilopewa mke. Umar akakubali kwamba mwanamke yule amepata na yeye amekosa, akaliacha neno lake. Wapo wanaoizungumza sanadi ya kisa hiki, nami nalijua hilo. Hata hivyo umma umekisimulia kizazi baada ya kizazi kwa sababu kinaeleza jinsi walivyomfahamu mtawala: amri yake ni rai, na rai hukosolewa kwa Kitabu. Sasa mtie mwanamke yule Omdurman. Asimame aseme nini? Mahdi hakusema kwamba hiyo ni rai yake, wala kwamba ni ijtihadi. Alisema ameamrishwa. Anayekataa riale 10 hamkatai Muhammad Ahmad, anamkataa Mtume. Mwanamke yule angekaa kimya, na kama hakukaa kimya angekalishwa.

Ndiyo maana maulamaa wa usuli wamelifunga jambo hili kwa kufuli. Imam Nawawi, ambaye sisi Mashafi ndiye tegemeo letu, ameeleza: mtu akimwona Mtume (S.A.W.) usingizini usiku wa thelathini wa Shaabani, akamwambia kesho ni Ramadhani, haijuzu kufunga kwa ndoto hiyo, si yeye mwenyewe wala mwingine. Si kwamba Mtume hakuonekana, kwani amekwisha sema kuwa shetani hajifananishi naye. Ni kwamba aliyelala hawezi kudhibiti alichosikia, na Sheria imekamilika, haingojei nyongeza kutoka mtoni. Huwezi kufunga siku moja kwa ndoto ya mtu. Utahalalishaje roho ya Mwislamu? Na atakayesema kuwa Mahdi alikuwa macho ajibiwe kwamba dini haikumwachia mtu yeyote baada ya Mtume mlango wa kuleta hukumu, amelala au yu macho.

Mlango ule ulipofunguliwa, milango mingine ikafungwa. Madhehebu manne yaliwekwa kando, ati maimamu walikuwa watu wa wakati wao na sasa amekuja mwenye wakati. Tarika zote zikafutwa, hata Sammaniyya iliyomlea, kwani mito haina haja tena ikifika baharini. Vitabu vya fikihi na vya tasawufi vikakusanywa na vingi vikachomwa. Mahali pa nyiradi zote pakawekwa Ratib moja aliyoitunga Mahdi, isomwe baada ya Alfajiri na baada ya Alasiri. Wewe unayesoma Ratib al-Haddad baada ya Isha, unayepeleka mtoto kusoma Safina kwa mwalimu wa mtaa, nyumba yako ingekuwa na makosa mawili kabla ya kupambazuka.

Tarehe 22 Juni 1885, miezi mitano tu baada ya ushindi wa Khartoum, Mahdi alifariki kwa homa hapo Omdurman, umri wake miaka 40. Alikuwa ametangaza kwamba ataiteka Misri na kusali Makka. Wapo waliotaka kuuliza, lakini kuuliza kulikuwa kumekwisha kuitwa ukafiri.

Abdullahi akashika dola kwa jina la Khalifa wa Mahdi. Hakuwa mwanachuoni. Alikuwa mtu wa akili nyingi, shujaa, mpangaji hodari, na wanaomwita mshenzi hawakuisoma kazi yake. Aliiweka nchi mkononi miaka 13 huku Wazungu wamemzunguka pande zote. Ila alirithi kile kiti pamoja na njia ile ya kuamrisha. Yeye naye akawa na hadhra zake, akiwaandikia watu kwamba Mtume na Khidhri wamemwambia hili na lile. Wahabeshi ni mfano. Yapo mapokezi yanayojulikana ya kuwaacha Wahabeshi maadamu wamewaacha ninyi, kwa ihsani ya Najashi aliyewahifadhi Masahaba. Khalifa alipotaka kuwapiga, alitangaza kuwa amepewa ruhusa katika hadhra. Mapokezi yaliyokaa zaidi ya miaka 1,200 yakaondolewa na maono ya usiku mmoja. Gondar ikaporwa mwaka 1888, na Machi 1889 Mfalme Yohannes akauawa katika vita vya Gallabat. Waislamu na Wahabeshi wakamalizana, na mwenye kufaidika alikuwa Mtaliana aliyekuwa akingoja Massawa.

Mwaka ule wa 1306 Hijria, Wasudani waliuita mwaka wa sita. Mvua zilikuwa haba, nzige walikuja, na Khalifa alikuwa amewaamuru watu wa kabila lake kuhama kutoka magharibi kuja Omdurman, maelfu kwa maelfu, wote wa kulishwa kwa nafaka ya wakulima wa Gezira. Watu walikufa njiani na majumbani. Msimamizi wa Baitulmali, Ibrahim Adlan, alipinga wakulima wasinyang'anywe hata mbegu. Alinyongwa mwaka 1890. Mwaka uliofuata jamaa zake Mahdi mwenyewe waliasi, na Muhammad Sharif, yule mwenye nafasi ya Sayyidna Ali, akatiwa gerezani.

Sasa tufike kwa kadhi. Kadhi mkuu aliyekuwapo tangu siku za Mahdi, Ahmad Ali, alifungwa mwaka 1894 akafia kifungoni. Mahali pake akawekwa Husayn Ibrahim wad al-Zahra. Huyu alikuwa mwanachuoni hasa, amesoma Azhar, anajua fikihi kama mvuvi anavyojua maji yake. Wala hakuwa adui wa mapinduzi. Alimwamini Mahdi, na alikuwa ameandika kitabu cha kumtetea kwa hoja na dalili. Huenda alidhani kwamba itikadi ile ni daraja: watu wakiisha kuvuka kutoka dhulma ya Waturuki, Sheria itakuwa ndiyo mtawala. Alipokalia kiti cha ukadhi alitaka kuhukumu kwa Sheria. Khalifa alitaka kadhi atakayehukumu kwa Khalifa. Kadhi hakukubali kupindika, akatiwa gerezani, akafa humo mwaka 1895. Inasimuliwa kwamba alinyimwa chakula hata akafa kwa njaa.

Nimelifikiri sana jambo hili, kwani nami maisha yangu yote nimekuwa mwalimu wa vitabu vile vile alivyovisoma. Kadhi Husayn angejitetea kwa nini mbele ya Khalifa? Kwa kauli ya Malik? Malik amewekwa kando. Kwa ijmai ya maulamaa? Maulamaa wabaya. Kwa hadithi? Aliyesema hadithi anazungumza na Khalifa kila usiku. Kila silaha ambayo mwanachuoni huitumia kumzuia mtawala ilikuwa imenyang'anywa tangu siku ya kwanza, na kitabu cha kuitetea siku hiyo ya kwanza kiliandikwa na Husayn mwenyewe kwa ikhlasi.

Usidhani mambo haya hayakutufikia. Ansari waliposukuma kusini, gavana wa jimbo la Ikweta, Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa katika kazi ya Misri, alikatwa na dunia. Stanley alikwenda kumtoa, wakafika Bagamoyo Desemba 1889, na katika karamu ya usiku ule ule Emin akaanguka dirishani akavunjika vibaya. Askari wake waliobaki nyuma, Waislamu wa Sudani, walichukuliwa na Lugard mwaka 1891 wakaingizwa Uganda, kisha wakafika Kenya. Wanubi wa Bombo na wa Kibera ni wajukuu wao. Ukisali nao leo, unasali na watu waliotupwa kwetu na mawimbi ya Omdurman.

Tarehe 2 Septemba 1898 jeshi la Kitchener lilikutana na Ansari katika uwanda wa Karari. Wapatao 11,000 walikufa asubuhi moja mbele ya bunduki za mashini, na upande wa pili waliouawa hawakufika 50. Mashujaa walioendelea kukimbilia risasi wakiwa na mikuki hawakuwa watu wa kuchekwa, na aliyewacheka hana murua. Kitchener aliivunja kuba ya Mahdi na kuamuru mifupa yake itupwe mtoni, kitendo ambacho hata Waingereza wenzake walikionea haya. Khalifa alikimbilia Kordofan. Tarehe 24 Novemba 1899, huko Umm Diwaykarat, alipoona hakuna njia, alitandika ngozi yake ya kusalia akakaa juu yake, na Ali wad Hilu pamoja naye, wakaelekea adui wakafa pale. Kufa alijua.

Mwana wa Mahdi aliyezaliwa baada ya kifo cha baba yake, Sayyid Abd al-Rahman, aliwakusanya tena Ansari kwa njia nyingine, kwa kilimo cha pamba na siasa, na kuba ikajengwa upya mwaka 1947. Kitukuu cha Mahdi, Sadiq al-Mahdi, alishika uwaziri mkuu wa Sudani mara mbili, mwaka 1966 na mwaka 1986, na mara zote mbili aliupata kwa kura za bunge. Alifariki mwaka 2020. Ratib ya Mahdi ingali ikisomwa na Ansari baada ya Alfajiri na Alasiri. Na Sammaniyya, tarika iliyofutwa na mwanafunzi wake mwenyewe, ingali ipo pale kwenye Nile, na nyiradi zake za zamani hazikupotea.